Kutoka Magwagwa hadi Ukumbi wa Mkutano: Pasipoti, Viza na Karatasi za Kuandaa Mapema

Mialiko ya mikutano ya kimataifa siku hizi inafika hadi Magwagwa, kijijini kwetu Nyamira. Inamfikia mkulima wa majani chai aliyechaguliwa kuwasemea wenzake, mama anayeongoza kikundi cha akina mama, mwalimu anayefanya utafiti, kijana anayepanda miti kando ya mito inayoteremka kuelekea Sondu, na mzee wa kanisa. Julai 2025 Waadventista wa Sabato kutoka kila pembe ya dunia walikutana St. Louis, Marekani, kwa kikao cha Konferensi Kuu, na Kisii na Nyamira ni miongoni mwa ngome za kanisa hilo nchini Kenya. Kila mwezi wa Machi, Tume ya Umoja wa Mataifa kuhusu Hali ya Wanawake hukutana New York. Mkutano wa tabianchi wa Novemba 2026, COP31, umepangiwa Antalya nchini Uturuki, na ule wa 2027, COP32, umepangiwa Addis Ababa, hapa kwa jirani.

Anayealikwa hufurahi na majirani humpongeza, kisha siku zinaanza kumbana. Mara nyingi barua huja mkutano ukiwa umebakiza miezi mitatu au minne, na ndani ya muda huo anatakiwa apate pasipoti, viza, chanjo, bima na tiketi. Wapo wanaokosa mkutano bila hata kufika kwenye dirisha la ubalozi, kwa sababu siku mkutano unapofunguliwa wao bado wanafuatilia cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila anayeongoza kikundi, ushirika, shule au kanisa katika vijiji vyetu ni huu: tafuta pasipoti sasa, kabla hujaalikwa popote. Mwaliko una tarehe ya mwisho. Pasipoti ya mtu mzima inadumu miaka 10.

Pasipoti yenyewe

Maombi hufanywa kwenye mtandao wa eCitizen, upande wa Idara ya Uhamiaji. Unajaza fomu, unalipa, unachagua kituo na siku ya kwenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, kisha unachapisha fomu na kwenda mwenyewe. Hakuna anayeweza kukuwakilisha. Mtu wa Magwagwa ana Kisii upande mmoja na Kisumu upande wa pili, na ofisi zote mbili hupokea maombi ya pasipoti. Huna haja ya kulala njiani kwenda Nyayo House, Nairobi, kwa kazi inayofanyika karibu na nyumbani. Kama hujazoea kompyuta, keti na kijana wa saiba mjaze pamoja, lakini akaunti ya eCitizen iwe yako, kwa namba yako ya simu na nywila unayoijua wewe. Watu wengi huacha akaunti ikafunguliwa kwa simu ya mwenye saiba, na ujumbe wa kuitwa ukija unaingia kwenye simu hiyo.

Tangu ada zilipopandishwa mwaka 2024, pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, ya kurasa 50 ni 9,500, na ya kurasa 66 ni 12,500. Kwa mtu anayesafiri mara moja moja kwa mikutano, kurasa 34 zinatosha kabisa. Aliyepoteza pasipoti hulipa shilingi 20,000 kupata nyingine, kwa hivyo kitunze kitabu hicho mahali pamoja na hati ya shamba. Malipo ya huduma za serikali kwenye eCitizen hupitia namba ya malipo 222222. Mtu akikupa namba yake ya simu umtumie pesa za pasipoti, hata kama amesimama mlangoni mwa ofisi na kitambulisho shingoni, usimtumie.

Siku ya miadi beba kitambulisho chako halisi na nakala yake, cheti cha kuzaliwa halisi na nakala yake, picha za pasipoti, fomu uliyochapisha pamoja na risiti ya malipo, na nakala ya kitambulisho cha mtu anayekufahamu ambaye ametia sahihi kwenye fomu kukuthibitisha. Anayeomba kwa mara ya kwanza huombwa pia nakala za vitambulisho vya wazazi, na kama mzazi ni marehemu, nakala ya cheti cha kifo. Hii ya mwisho ndiyo inayowarudisha wengi nyumbani, kwa kuwa wazee wengi walizikwa bila familia kuchukua cheti. Kifuatilie kabla ya siku ya miadi.

Muda wa kusubiri hubadilika. Mwaka 2023 mitambo ya kuchapisha pasipoti iliharibika na maelfu ya maombi yakarundikana Nairobi. Waliokuwa na mikutano mwaka huo waliumia bila kosa lao. Hali ilirekebishwa baadaye, ila somo la mwaka ule ni kwamba kazi ya mtambo mmoja ulio mbali inaweza kuharibu mpango mzuri wa mtu aliyechelewa kuanza.

Wenye pasipoti ya zamani nao waangalie vizuri. Pasipoti za Kenya za toleo la kale, zisizo na kidude cha kielektroniki, ziliacha kutumika baada ya 30 Novemba 2022. Mwenye pasipoti mpya ya Afrika Mashariki ahesabu miezi iliyobaki: nchi nyingi na mashirika mengi ya ndege hutaka iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha, na kurasa tupu mbili. Kama imebaki na mwaka mmoja na una mkutano karibu, ibadilishe kwanza. Ukipewa pasipoti mpya wakati ya zamani ina viza ambayo bado inafanya kazi, safiri na zote mbili.

Majina yafanane

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo Omogusii, yaani Mkisii, wa kijijini anapokwama zaidi kuliko mahali pengine popote.

Chukua mama aliyezaliwa akaandikwa kwenye cheti kwa jina lake na la baba yake. Alipoolewa akachukua kitambulisho chenye jina la mume. Shuleni alikuwa na jina la ubatizo ambalo halimo kwenye cheti cha kuzaliwa. Karatasi tatu, na afisa asiyemjua akizisoma anaona watu watatu. Dawa ipo: cheti cha ndoa, au hati ya kiapo iliyotiwa sahihi mbele ya wakili ikieleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na pale jina lilipobadilishwa kabisa, hati rasmi ya kubadilisha jina iliyosajiliwa. Wenye ndoa za kimila wasiokuwa na cheti waanze na chifu na wakili. Ni gharama, ndiyo, lakini ikishafanywa inasaidia pia kwenye urithi, benki na bima ya afya.

Halafu kuna tahajia. Ukoo wa Mong'are, Nyang'au au Ong'era una kidoti cha juu ambacho wasajili wengine hukiandika na wengine hukiacha. Kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, ile inayosomwa na mashine, kidoti hicho hakiandikwi kamwe: Mong'are huwa MONGARE. Hilo si kosa na halikufungii njia. Unachotakiwa kufanya ni kuliandika jina bila kidoti unapokata tiketi, unapojiandikisha kwenye mkutano na unapojaza fomu ya viza, kwa mpangilio uleule wa pasipoti. Tofauti ya herufi halisi ni jambo jingine. Kama cheti kinasema Nyaboke na kitambulisho kinasema Nyaboge, rekebisha kwenye ofisi ya usajili kabla ya kuomba pasipoti, kwa maana kosa likishaingia kwenye pasipoti litakufuata kwenye kila viza.

Waliozaliwa nyumbani na hawajawahi kuwa na cheti wanaweza kusajiliwa kwa kuchelewa. Utahitaji naibu chifu au chifu anayekufahamu, kitambulisho chako, na ushahidi kama kadi ya ubatizo, kadi ya kliniki au cheti cha kumaliza shule. Hakikisha tarehe ya kuzaliwa inayoandikwa inalingana na ile ya kitambulisho. Kazi hii haifai kuanzwa ukiwa na barua ya mwaliko mkononi.

Barua ya mwaliko inavyopaswa kuwa

Mwaliko mzuri unabeba mambo yanayoweza kuthibitishwa: jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, jina la mkutano, ukumbi na tarehe, utakachofanya pale, na jina, cheo na simu ya mtu wa kuulizwa. Jambo ambalo waandaaji husahau mara nyingi ni nani analipa nini. Nauli, malazi, chakula, bima: kila kimoja kitajwe mlipaji wake. Barua inayosema tu kwamba “tunamkaribisha kwa furaha” haimsaidii afisa wa viza kuamua lolote. Usione haya kumwandikia mwandaaji akurekebishie barua. Wanaoandaa mikutano mikubwa wamezoea ombi hilo, na kimya chako ndicho kitakachokugharimu.

Muulize pia maswali mawili mapema: nikinyimwa viza, ada ya kujiandikisha inarudishwa? Na naweza kushiriki kwa njia ya mtandao? Usinunue tiketi isiyoweza kurudishwa kabla ya viza kutoka. Balozi nyingi hutosheka na nafasi iliyoshikwa na wakala wa usafiri, au mpango wa safari tu.

Mikutano ya Umoja wa Mataifa ina hatua ya ziada. Kwenye mikutano ya tabianchi mtu hapiti mlangoni bila kusajiliwa kupitia serikali yake au shirika lililoidhinishwa kama mwangalizi. Kikundi cha Magwagwa kisicho na idhini hiyo lazima kishikwe mkono na shirika lililo nayo, na nafasi huwa chache. Na hata ukiwa na usajili wa mkutano wa New York, viza ya Marekani unaiomba mwenyewe.

Viza kwa mafungu

Habari njema kwanza: Afrika inafunguka. Uganda na Rwanda huwapokea Wakenya kwa kitambulisho cha kitaifa tangu 2014. Kwa mkutano, mimi bado nashauri pasipoti, kwa kuwa ndiyo inayobaki na mhuri wa historia yako ya safari. Tanzania nenda na pasipoti. Ethiopia haiwatozi Wakenya viza, kwa hivyo COP32 ya Addis Ababa ni nafasi ambayo wakulima wetu wanaweza kuifikia bila kupanga foleni ya ubalozi wowote. Afrika Kusini iliondoa viza kwa Wakenya tangu Januari 2023, kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka. Kama una uhuru wa kuchagua mkutano wa kwanza wa maisha yako, chagua wa Kigali, Addis Ababa au Johannesburg. Kwenda, kushiriki na kurudi kwa wakati ni ushahidi ambao afisa wa ubalozi wa nchi ya mbali atauona kwenye kurasa zako.

Kwa safari hizi za Afrika usisahau homa ya manjano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na nchi nyingi hudai kadi ya chanjo kwa wanaotoka huku. Kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 inatosha kwa maisha yote. Uliza hospitali ya kaunti ni kituo gani kilicho karibu kinachoruhusiwa kuchanja na kutoa kadi yenyewe, maana karatasi ya kawaida ya zahanati haikubaliki uwanjani.

Ulaya ya Schengen ina nchi 29 tangu Bulgaria na Romania zilipoingia kikamilifu Januari 2025, na Uswisi, ambako Geneva ipo, imo ndani. Unaomba kwa nchi ya mkutano wako. Ukipitia nchi mbili, omba kwa ile utakayokaa siku nyingi. Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika 45, ila kinachochelewesha zaidi ni kupata miadi, kwa hivyo ishike mara tu barua inapofika. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari ya angalau euro 30,000 ni lazima. Pasipoti iwe na miezi mitatu au zaidi baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Alama za vidole huchukuliwa Nairobi, na ukiomba tena ndani ya miezi 59 kwa kawaida huzitoi upya.

Uingereza haimo kwenye Schengen. Mhudhuriaji wa mkutano huomba viza ya kawaida ya mgeni, ambayo ada yake ilikuwa pauni 127 kuanzia Aprili 2025. Unaweza kuomba miezi mitatu kabla, na jibu hutarajiwa ndani ya wiki tatu hivi. Hakuna mahojiano ya kawaida ana kwa ana. Karatasi zako ndizo zinazosema, kwa hivyo kumbukumbu za kikundi zilizoandikwa kwa Kiswahili au Ekegusii zitafsiriwe na kutiwa sahihi na mtafsiri.

Marekani ni kinyume chake: karatasi ni nyingi lakini neno lako mbele ya afisa ndilo lenye uzito. Unajaza fomu ya DS-160, inayouliza hata majina unayotumia kwenye mitandao ya kijamii kwa miaka mitano iliyopita. Unalipa dola 185, takriban shilingi 24,000, ambazo hazirudi, kisha unasubiri mahojiano Gigiri, Nairobi. Foleni ya miadi hurefuka na kufupika. Iangalie siku uliyopata mwaliko, na kama ni ndefu kuliko muda uliobaki, kuna utaratibu wa kuomba miadi ya haraka ambao hauna uhakika. Fomu ijaze mwenyewe au uisome neno kwa neno kabla ya kutia sahihi. Jibu la uongo lililoandikwa na mtu wa saiba linahesabiwa kuwa lako.

Kanada ina jambo moja lenye faida ambalo wengi hawalijui: mkutano uliosajiliwa na idara ya uhamiaji ya huko hupewa namba maalumu ya tukio, na mwandaaji huwapa washiriki waiandike kwenye maombi. Iulize. Ada ni dola 100 za Kanada, na 85 za alama za vidole. Pamoja na hayo, omba mapema sana. Kwenye mkutano wa kimataifa wa UKIMWI wa Montreal, 2022, wajumbe wengi wa Afrika hawakupata viza au zilichelewa, na hata Winnie Byanyima wa Uganda, mkuu wa UNAIDS, alieleza hadharani jinsi alivyokaribia kuzuiwa kupanda ndege Geneva. Siyo haki kwamba wanaoishi na tatizo ndio wanaokosa kiti kwenye meza ya kulijadili, na waandaaji wameanza kusikia: mkutano wa Women Deliver wa 2023 ulifanyika Kigali.

Angalia pia njia ya ndege. Kubadilisha ndege London, kwa Mkenya, kwa kawaida kunahitaji viza ya kupita hata kama hutoki uwanjani. Marekani nayo haina kupita bila viza, na Kanada vilevile. Tiketi ya bei nafuu inayopitia viwanja viwili vya Schengen inakulazimu kuwa na viza ya Schengen, kwa kuwa safari ya kati ya viwanja hivyo huhesabiwa kuwa umeingia. Addis Ababa, Doha na Dubai kwa kawaida hupitika bila viza mradi hutoki nje ya uwanja.

Kuonyesha kwamba utarudi Magwagwa

Afisa wa viza anataka kujua kama utarudi. Mwajiriwa hupeleka barua ya kazi, ruhusa ya likizo na hati za mshahara, ikatosha. Mkulima wa chai na ndizi ana sababu nyingi zaidi za kurudi, ila hazijakusanywa mahali pamoja. Zikusanye.

Kama unauza majani kupitia kiwanda kinachosimamiwa na KTDA, una namba ya mkulima, malipo ya kila mwezi kwa kilo, na bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai ambayo hulipwa kati ya Septemba na Oktoba. Hizo ni rekodi za mapato ambazo wafanyabiashara wengi wa mjini hawana. Omba hati za malipo za miezi 12. Kisha chukua taarifa ya benki au ya chama cha akiba na mikopo ya miezi sita, na ya M-Pesa kama ndiko pesa zinakozunguka.

Sasa angalia mtego uliomo. Pesa nyingi zinapoingia kwa mkupuo kwenye akaunti majuma machache kabla ya maombi, maafisa hudhani umekopeshwa ili uonekane tajiri. Bonasi ya chai inaonekana hivyohivyo: akaunti ina elfu chache mwaka mzima, halafu Oktoba inapanda ghafla. Mikutano ya tabianchi ni Novemba, ya New York ni Machi, kwa hivyo mkulima huomba viza wakati uleule bonasi imeingia. Usiiache taarifa ya benki ijieleze yenyewe. Ambatisha hati ya bonasi, na kwenye barua yako andika sentensi mbili: kwamba kiasi hiki cha tarehe hii ni malipo ya mwisho ya majani chai, na kwamba hulipwa kila mwaka majira haya. Kama unayo hati ya mwaka uliotangulia, iweke kando yake. Na kwa jina la Mungu usikope pesa kuziweka kwenye akaunti siku mbili tatu. Zinaonekana, na zinaharibu hata zile za haki.

Ardhi pia ni ushahidi, lakini wengi wetu tunalima mashamba ambayo hati yake bado ina jina la babu. Usimwombe mtu akuandikie hati ya uongo. Peleka nakala ya hati ilivyo, barua ya chifu ikieleza uhusiano wako na mwenye jina na kwamba unaishi na kulima hapo, na namba yako ya mkulima inayoonyesha majani yanatoka wapi. Ongeza cheti cha usajili wa kikundi, barua ya kanisa au shule ikitaja wajibu unaokusubiri ukirudi, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki. Barua ya chifu peke yake ni nyepesi. Ikisindikizwa na rekodi za kiwanda na za benki inapata nguvu.

Haya yote yasimamiwe na barua moja ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa na wewe: wewe ni nani, mkutano ni upi, kwa nini umealikwa wewe, utafika na kuondoka lini, nani analipa, na ni nini kinachokurudisha. Ukifika kwenye mahojiano, majibu yako yawe yaleyale ya barua. Ukiulizwa mkutano unahusu nini, eleza kazi unayoifanya Magwagwa kama unavyomweleza jirani. Mtu anayejua majani yake, mito yake au wanafunzi wake huonekana mara moja, na yule aliyekariri maneno ya wakala huonekana vilevile.

Wanaouza “viza ya mkutano”

Wapo madalali wanaozunguka mijini wakiahidi viza ya uhakika kupitia mkutano, kwa laki kadhaa. Wengine hutuma mialiko ya mikutano isiyokuwepo, wakitaka ulipie hoteli kwanza. Tafuta jina la mkutano na la taasisi inayoandaa, piga simu ya taasisi yenyewe kwa namba uliyoitafuta wewe, siyo iliyo kwenye barua, na angalia kama ratiba na wasemaji wametangazwa. Cheti cha tabia njema cha polisi, ambacho madalali hupenda kukutoza, kwa kawaida hakidaiwi kwa safari fupi ya mkutano. Karatasi za kughushi zikigunduliwa, Uingereza inaweza kukufungia miaka 10, na Marekani inaweza kukufungia maisha. Na anayeenda mkutanoni akapotelea huko huwafungia wenzake wa kikundi na kanisa lilelile waliokuwa wamepangiwa mwaka unaofuata.

Siku ya safari weka kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye sanduku, pasipoti, kadi ya chanjo, barua ya mwaliko, bima, tiketi ya kurudi na anwani ya malazi. Afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza tena yale uliyoulizwa ubalozini.

Ukinyimwa, soma sababu iliyoandikwa kabla ya kufanya lolote. Nchi za Schengen hukupa karatasi yenye sababu na nafasi ya kukata rufaa. Marekani haina rufaa kwa viza ya aina hii, ila unaweza kuomba tena kwa ada mpya, na hakuna faida ya kurudi kesho yake na karatasi zilezile. Uingereza nayo humtaka mgeni aombe upya. Kunyimwa hakukufungii milango mingine mradi ukutaje kila fomu inapouliza kama umewahi kunyimwa. Mwandikie mwandaaji siku hiyohiyo ukiambatisha jibu la ubalozi, uombe kurudishiwa ada na kupewa nafasi ya kuzungumza kwa njia ya mtandao, na umwombe aandike kwenye rekodi zake kwamba kiti cha mjumbe wa Nyamira kilibaki wazi kwa sababu ya viza.